Nimeijaribu Dapr kwenye mfumo wa oda za Marikiti

Uamuzi wangu nautoa mapema ili asiye na muda asome na kuendelea na shughuli zake: Dapr, fremuweki inayounganisha programu ndogo (huduma) za mfumo mmoja, tumeichukua, na tunajengea juu yake. Naipenda kwa sababu kila mtu kwenye timu anaandika kwa lugha anayoijua, na bado huduma zote zinaongea kwa namna moja. Kinachonitia wasiwasi ni jinsi inavyofanya mambo magumu ya mtandao yaonekane mepesi, hadi mtu akaamini kwamba pesa za wateja nazo zimelindwa. Hazijalindwa. Hiyo bado ni kazi yako, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi.

Tunamjengea mama mmoja mwenye bohari la jumla karibu na soko la Wakulima, kwa jina la wengi Marikiti, pale Haile Selassie. Viazi, vitunguu na kabeji humfikia kwa lori kabla ya alfajiri. Wateja wake ni akina mama mboga wa Kawangware, Kayole, Umoja na Githurai, ambao wangependa gunia liwafikie kibandani badala ya kupanda matatu saa kumi usiku kwenda kulichagua. Wanaagiza kwa simu, wanalipa kwa M-Pesa, na pikipiki inapeleka. Nyuma ya hayo kuna huduma nne: oda, malipo, bohari na usafirishaji. Oda imeandikwa kwa Python. Malipo ni Java, maana dada anayeisimamia ametoka kwenye mifumo ya benki na Java ndiyo anayoiamini. Usafirishaji ni Go, bohari ni JavaScript. Mwenye bohari ana swali moja, na huliuliza kila tukienda kumwona: "Mwanangu, pesa imeingia ama haijaingia?" Kwangu hicho ndicho kipimo. Fremuweki yoyote isiyonisaidia kumjibu huyo mama kwa uhakika haina faida kwangu, hata ikisifiwa na dunia nzima.

Kwa ambao hawajakutana nayo, Dapr ilitangazwa na Microsoft Oktoba 2019. Toleo la 1.0 lilitoka Februari 2021, na Novemba mwaka huo mradi ukapokelewa na CNCF, wakfu ule ule unaoilea Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye mashine nyingi. Mwaka 2024 ukafikia daraja la juu kabisa la miradi ya wakfu huo. Msimbo wake uko wazi, na umeandikwa kwa Go. Kwa hivyo ni mpya kwetu tu. Wenzetu wengine wameitumia kwa miaka.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kila huduma hupewa msaidizi wake, programu ndogo inayoitwa daprd, inayokaa naye kwenye mashine ile ile, au ndani ya podi (fungu la programu zinazoendeshwa pamoja) ile ile ukiwa kwenye Kubernetes. Huduma yako haiunganishi na Redis (hifadhi ya data), wala RabbitMQ (foleni ya ujumbe), wala huduma nyingine moja kwa moja. Inamwambia msaidizi wake kwa HTTP ya kawaida kwenye poti 3500, au kwa gRPC, njia nyingine ya programu kuitana, naye anajua pa kupeleka. Unachotumia nyuma kinatajwa kwenye faili fupi la YAML, yaani maandishi ya mipangilio. Leo ni Redis, kesho ukitaka PostgreSQL unabadilisha faili hilo, na msimbo wa oda haujui kilichotokea.

Kwenye miradi niliyofanya zamani, kila lugha ilikuja na maktaba zake. Huduma moja ilijaribu tena ikishindwa, nyingine haikujaribu kabisa, ya tatu ilisubiri bila kikomo. Hitilafu ikitokea kati ya mbili, watu walikaa mezani kubishana ni ya nani. Hapa tabia hizo zimetolewa kwenye msimbo na kuwekwa mahali pamoja ambapo sote tunapasoma. Dada wa malipo na kijana wa usafirishaji wanafungua faili moja na kuzungumza juu ya mistari ile ile. Hilo pekee limetupunguzia mabishano mengi.

Kusakinisha ni rahisi ukiwa na Docker, chombo cha kuendesha kontena (vifurushi vya programu). Unaandika dapr init na inakuletea kontena za kuanzia, zikiwemo Redis ya kuhifadhi hali (data ya huduma) na kupitisha ujumbe, na Zipkin ya kufuatilia maombi. Asiyetaka Docker ana chaguo la slim. Kwetu Nairobi, swali la kwanza kwa chombo chochote huwa ni kama kitafanya kazi stima ikipotea na waifai ikaenda nayo. Jibu ni ndiyo. Ukishapakua vinavyohitajika, huduma zote nne, foleni na hifadhi vinaenda kwenye laptopu moja bila intaneti. Kuna hata bunda la kusakinisha nje ya mtandao: mmoja wetu alilipakua, akaliweka kwenye flashi, wengine wakatumia dapr init pamoja na from-dir bila kula bando zao. Bunda hilo halibebi Redis wala Zipkin, kwa hivyo hizo mtabadilishana picha zake za Docker kando. Ukilijua hilo kabla ya kukaa chini na timu, mambo yanaenda.

Kuita huduma nyingine nako hakuna shida. Oda inataka kujua kama kuna viazi, inamwambia msaidizi wake aite "bohari", jina tu, bila anwani wala poti. Kwenye mashine yako majina hayo hutafutwa kwa mDNS, njia ya mashine kutafutana kwa majina kwenye mtandao wa ndani, na kwenye Kubernetes kwa DNS ya klasta (kundi la mashine). Onyo kwa wanaofanyia kazi makampuni yenye VPN kali: mDNS huweza kuzibwa humo, na utaona huduma mbili zilizo kwenye laptopu moja hazionani. Suluhisho lipo, unaweza kuhamia Consul au SQLite kwa ajili ya majina.

Sasa kwenye uhifadhi wa hali, kuna mambo mawili ambayo ningetaka kila mgeni ayajue siku ya kwanza. La kwanza: Dapr huongeza jina la huduma mbele ya kila ufunguo. Ukihifadhi "1042" kutoka huduma ya oda, kwenye Redis utaikuta kama oda||1042. Ni ulinzi mzuri, maana usafirishaji hauwezi kuivuruga data ya oda kwa bahati mbaya, lakini ukitaka huduma mbili zisome hifadhi moja lazima ubadilishe mpangilio wa keyPrefix kwa makusudi. La pili ni zito zaidi. Usiposema lolote, anayeandika mwisho ndiye anayeshinda. Akina mama wawili wakiagiza gunia la mwisho la vitunguu kwa sekunde moja, huduma ya bohari itasoma moja, itasoma moja tena, na wote wawili wataambiwa wamepata. Dapr inakupa ETag, alama ya toleo la data uliyoisoma. Ukiirudisha unapoandika na kuomba anayetangulia ashinde, wa pili atakataliwa na atalazimika kusoma upya. Kwa mfumo wa bidhaa zinazohesabika, hili lisiachwe kwenye mpangilio wa kawaida hata kidogo.

Nije kwenye pesa.

M-Pesa ya mtandaoni inakwenda hivi: seva yako inaomba STK push, simu ya mteja inaonyesha kidirisha cha PIN, na jibu la mwisho halirudi kwenye ombi lile ulilotuma. Unachorudishiwa papo hapo ni CheckoutRequestID, yaani kitambulisho cha ombi. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye, kwenye anwani yako ya kupokelea, yakiwa na ResultCode: 0 ikiwa amelipa, 1032 ikiwa ameghairi, 1037 ikiwa simu yake haikupatikana. Kati ya ombi na jibu kuna pengo, na mifumo mingi ya malipo huharibikia kwenye pengo hilo.

Dapr, bila wewe kuiambia, hujaribu tena wito kati ya huduma na huduma ukishindwa kwa sababu ya mtandao, hadi mara tatu, kwa kuachana sekunde moja. Kwa "niambie viazi vimebaki vingapi" hiyo ni neema. Kwa "mwombe mteja alipe" ni hatari. Fikiria oda imeita malipo, malipo ikatuma STK push, halafu jibu likapotea njiani kabla halijafika kwa oda. Msaidizi anaona ameshindwa, anaita tena. Simu ya mama wa Kayole inalia mara ya pili ikitaka PIN ya gunia lile lile, na mtu aliye kwenye haraka ya asubuhi ataiweka. Kwa hivyo jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuandika sera ya ustahimilivu, faili la YAML la aina ya Resiliency. Humo tuliubadilisha ule mpangilio wa ndani, wenye jina DaprBuiltInServiceRetries, kisha tukaruhusu kujaribu tena kwa bohari tu. Malipo imepewa kikomo cha muda na basi. Ninaipongeza Dapr kwa kuifanya sera hii iwe faili linalosomeka na kila mtu, na ningefurahi zaidi kama nyaraka zake za mwanzo kabisa zingelipigia kelele jambo hili kabla ya kumwonyesha mtu mfano wa kwanza.

Upande wa pili ni ujumbe. Malipo ikithibitishwa, huduma ya malipo inatangaza kwenye mada, yaani njia ya ujumbe yenye jina, na oda, bohari na usafirishaji zinasikiliza. Dapr huufunga ujumbe kwenye bahasha ya CloudEvents, ina kitambulisho, chanzo na aina, na huahidi kwamba utafika angalau mara moja. Angalau. Tulijaribu makusudi: tukaizima huduma ya usafirishaji katikati ya kushughulikia ujumbe, baada ya kumpa mwendesha pikipiki kazi lakini kabla ya kujibu kwamba imemaliza. Ilipowashwa ikaletewa ujumbe ule ule, kama ilivyoahidiwa. Bila kinga, mwendesha pikipiki wa pili angetumwa Umoja na gunia la pili ambalo hakuna aliyelilipia.

Kinga yetu haina ufundi wa ajabu. Kila huduma inayogusa pesa au mzigo ina jedwali lake kwenye PostgreSQL, lenye safu ya CheckoutRequestID ambayo haikubali kujirudia. Ujumbe ukifika, kuandika kwenye jedwali na kufanya kazi yenyewe huenda kwa muamala mmoja wa hifadhidata: vyote vifanikiwe au vyote vishindwe. Ukirudi tena, hifadhidata inaukataa, nasi tunamjibu msaidizi kwamba imefanikiwa ili asiulete zaidi. Majibu yanayokubalika ni matatu, SUCCESS, RETRY na DROP, na nashauri timu ikae chini iamue kila hitilafu inaangukia wapi. Ujumbe wenye namba ya simu isiyosomeka ukijibiwa RETRY utazunguka bure. Tumeweka pia mada ya waliokwama, deadLetterTopic, na kuna mtu anayeipitia kila jioni kabla ya kufunga ofisi, kwa sababu ujumbe uliokwama hapo ni mama aliyelipa na bado anasubiri viazi.

Kuna tundu lingine ambalo wengi hawalioni: malipo inaandika "amelipa" kwenye hifadhi, kisha inakufa kabla ya kutangaza. Pesa imeingia, hakuna anayejua. Tangu toleo la 1.12 Dapr ina njia ya outbox, ambapo kuandika hali na kutangaza ujumbe vinafungwa pamoja, mradi hifadhi unayotumia inakubali miamala. Dada wa malipo, ambaye si mtu wa kusifia ovyo, aliposoma sehemu hiyo akasema, "Hii tulikuwa tukiiandika wenyewe kila mradi, na kila mara tofauti." Nakubaliana naye. Kama ningeambiwa nichague kipengele kimoja cha kuwashawishi watu wa malipo hapa mjini, ningechagua hiki.

Zipkin inanipa jibu la yule mama mwenye bohari. Kila ombi linabeba kitambulisho cha safari yake, na kwenye skrini moja naona oda ilipoanza, malipo ilipoomba, ujumbe ulipotangazwa na usafirishaji ulipoupokea, kila hatua na muda wake. Hatukuandika msimbo wa ziada kwa sehemu kubwa ya hayo. Wasaidizi wanaripoti wenyewe. Pale ambapo jibu la M-Pesa linaingia kutoka nje, mnyororo unakatika, kwa hivyo tunahifadhi kitambulisho cha safari pamoja na CheckoutRequestID ili kuziunga pande mbili. Sasa akipiga simu kuuliza kuhusu oda fulani, kijana wa huduma kwa wateja anajibu akiwa bado kwenye laini.

Usalama nitaupitia haraka. Kwenye Kubernetes, mawasiliano kati ya wasaidizi yanasimbwa na kila upande unathibitisha mwenzake, bila mwandishi wa huduma kugusa cheti. Vyeti vya huduma hudumu saa 24 na hujibadilisha vyenyewe. Lakini cheti cha mzizi ambacho Dapr inajitengenezea kina muda wa mwaka mmoja. Kiandikeni kwenye kalenda ya timu siku mnapoweka mfumo hewani, na mpange nani atakibadilisha, maana kikiisha muda huduma zote zitaacha kuaminiana kwa wakati mmoja.

Gharama ipo, na ni ya wazi. Kila huduma ina msaidizi, na kila msaidizi anakula kumbukumbu na kuongeza kituo kimoja njiani. Kwenye Kubernetes kuna pia huduma za Dapr yenyewe: operator, injector, sentry, placement na scheduler. Kwa anayekodisha seva kubwa hilo halihisiwi. Kwa kijana mwenye seva ndogo ya kukodi na programu moja ya Django inayohudumia duka la viatu vya Gikomba, huo ni mzigo usio na sababu. Huyo na abaki na Django yake na hifadhidata moja nzuri. Ningesema Dapr inaanza kulipa ukiwa na huduma kadhaa, lugha zaidi ya moja, na watu zaidi ya mmoja wanaozishika.

Maktaba za lugha hazijalingana pia. Za .NET na Java zimekomaa, na dada wa malipo hakukwama popote. Kwenye Go na JavaScript mifano ni michache, na mara nyingine tuliona ni heri kuita HTTP moja kwa moja. Bahati nzuri hilo linawezekana daima, na kwa kweli linaeleweka haraka zaidi kwa mgeni kuliko maktaba.

Kilichobaki kujaribiwa kwa kina ni mitiririko ya kazi, iliyotangazwa kuwa imara kwenye toleo la 1.15 mwaka 2025. Wazo lake linatufaa sana: unaandika hatua zote mfululizo, tenga gunia, omba malipo, subiri jibu, na Dapr inakumbuka ulipofika hata seva ikizimika katikati. Jibu la M-Pesa linaingia kama tukio la nje, na kando yake unaweka saa. Saa ikitangulia, gunia linarudi bohari na mteja anatumiwa ujumbe. Sharti lake ni kwamba msimbo wa mtiririko utoe matokeo yale yale kila ukirudiwa, kwa hivyo humo ndani husomi saa ya mashine wala hubahatishi namba. Kazi kama hizo unazisukuma kwenye shughuli ndogo zinazoitwa na mtiririko. Tutaanza na oda za kabeji, ambazo ni chache na bei yake ni ndogo, tukiendesha njia mpya sambamba na ile ya zamani na kulinganisha hesabu kila siku. Viazi havitahamishwa hadi dada wa malipo aseme ameridhika na hesabu hizo.